Nilifika Iceland Kupitia Mlango wa Dobi

Asubuhi ambayo meli yetu ilifika Reykjavik, nilikuwa chini kabisa, ghorofa isiyo na dirisha, nikilisha mashine mashuka. Huko chini hujui umefika nchi gani. Unajua tu kwamba sakafu imeacha kuyumba na msimamizi ameanza kusoma majina ya wanaoruhusiwa kutoka.

Jina langu lilikuwepo. Saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Masaa matano, baada ya wiki mbili za kuona bahari kupitia kidirisha cha mlango wa jikoni.

Nilipanda juu nikiwa na koti la kuazima. Ilikuwa Julai, katikati ya kiangazi chao, na upepo wa pale gatini ulinikata kama niko Kinangop alfajiri. Abiria walikuwa wamepanga foleni kando ya mabasi yanayoenda Blue Lagoon. Unaijua hata kama hujui jina lake: yale maji ya samawati yaliyochanganyika na weupe kama maziwa, watu wamepaka matope meupe usoni, wameshika glasi. Instagram imejaa hayo maji. Watu wengi hudhani ni ziwa la tangu Adamu. Ukweli ni kwamba ni maji yanayotoka kwenye kituo cha umeme cha Svartsengi, kilichoanza miaka ya sabini. Yakishamaliza kazi, yanamwagwa kwenye mawe ya volkano, na hapo ndipo watu wanapoogelea. Nayajua haya kwa sababu nilikuwa nayasomea. Nitafika huko.

Sikuwa na mpango wa kupanda basi. Kiingilio peke yake kinazidi shilingi elfu kumi za kwetu, na hata kama ningekuwa nazo, baharia asiye na viza haendi popote anapotaka. Unaruhusiwa mji wa bandari na miji inayopakana nao, basi. Kaka mmoja Mfilipino wa upande wa mashine za kukausha, aliyekuwa amefika pale misimu mitatu, alinionyesha barabara kwa kidole. “Nenda Laugardalslaug,” akaniambia. “Ni bwawa la mtaa. Maji ni yale yale ya ardhini. Ni kutembea tu.”

Kabla sijatoka gatini nilishika intaneti ya bure nikamtumia Mama ujumbe mfupi: Mum, leo niko Iceland.

Hapo ndipo siku iliharibika. Au ndipo ilianza, sijui niseme vipi.

*

Mimi ni wa Naivasha, Karagita, upande ule wa ziwa wenye kampuni za maua. Mama alikata maua miaka kumi na moja mpaka mgongo ukakataa, akaanza kufulia watu nguo. Unamjua mama fua. Anakuja na mikono yake mitupu, unampa sabuni na beseni, anainama mpaka jioni. Ada yangu ya shule ya upili ilitoka kwenye hayo mabeseni.

Chuo nilipata nafasi ya kusomea jiolojia. Mwaka wa pili tulipelekwa ziara Olkaria, ndani ya Hell's Gate. Mwendo mfupi kutoka nyumbani kwetu, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia. Mabomba yanapanda na kushuka milimani kama nyoka wa fedha, mvuke unatoka kwa kelele hadi unasikia kifuani. Mhadhiri wetu alituambia kwamba Olkaria ilianza kutoa umeme mwaka 1981, na kwamba Iceland kuna mafunzo ya jotoardhi, miezi sita, yaliyoanza 1979, na hakuna nchi iliyopeleka wanafunzi wengi kuliko Kenya. Tukarudi kwa basi, tukapita kando ya spa ya Olkaria, iliyofunguliwa 2013. Maji ya samawati, mvuke juu yake, wageni wawili wakielea. “Hii wameiga ya Iceland,” mhadhiri akasema. Basi halikusimama.

Jioni hiyo nilimweleza Mama kila kitu. Mama ni mtu wa Eburru, huko juu ya mlima, ambako maji ni shida lakini mvuke unatoka ardhini wenyewe. Utotoni mwake walikuwa wanaunasa kwa mabomba, unapoa, unageuka maji, wanajaza mitungi. Kwake mvuke haukuwa sayansi. Ulikuwa kazi ya kutumwa baada ya shule. Aliposikia kuna nchi ambako watu wanaenda kuusomea, na serikali inawalipia, alikaa kimya kidogo, kisha akasema, “Basi wewe utaenda.”

Tangu hapo, Iceland ikawa neno la nyumbani. Aliwaambia watu wa kanisa. Aliwaambia wanachama wa chama chake. Mwaka wa tatu ada iliponishinda, hicho chama ndicho kilichomkopesha shilingi elfu sitini. Alinitumia zote kwa M-Pesa asubuhi ya Jumatatu na neno moja: Soma.

Sikusoma. Ningependa kukuambia nilifukuzwa, ama mfumo ulinionea, kwa sababu hadithi za watu walioacha chuo huwa hivyo na wasomaji huzipenda. Lakini mimi sikufukuzwa. Nilikuwa nimechoka kuwaandikia watu insha mtandaoni usiku na kulala darasani mchana. Nilikuwa nimewaona waliotangulia wakimaliza na kurudi Karagita kuuza kadi za simu. Na nilikuwa nimeona tangazo la wakala wa kazi za melini. Zile elfu sitini nililipa wakala, vipimo vya daktari na kozi ya usalama wa baharini Mombasa. Zilipoisha nikaongeza za insha.

Mama nilimwambia chuo kimeniruhusu kuahirisha mwaka, nimepata mafunzo ya kazi melini, upande wa injini. “Injini si ni mvuke pia?” akauliza. Nikasema ndiyo.

*

Jibu lake lilinifikia nikiwa bado pale gatini. Ujumbe wa sauti. Alianza kwa vigelegele, vile virefu vya harusi.

“Iceland? Ile yenyewe? Ile ya mvuke? Woi, Mungu wangu! Si nilisema? Si nilisema utaenda? Leo chama kinakutana. Wacha nivae niende niwaambie. Mami, soma vizuri huko. Kula. Usiogope wazungu.”

Nilisikiliza mara mbili. Kisha nikazima data, kama mtu anayefunga mlango akidhani moto utabaki nje, nikaanza kutembea.

Reykjavik ni mji mtulivu, nyumba fupi zenye mabati ya rangi. Mabati! Nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimekuja hadi karibu na ncha ya dunia kuona mabati. Bwawa lenyewe liko kwenye bonde, karibu nusu saa kwa mguu kutoka gatini. Kiingilio kilizidi shilingi elfu moja kidogo, pamoja na pesa ya kukodi vazi la kuogelea na taulo. Ndiyo, nilikodi taulo. Mimi ambaye kila siku hupitisha mikononi mataulo ya watu zaidi ya elfu mbili. Nililinusa kwanza. Walikuwa wameweka sabuni nyingi.

Sasa, kitu hawakuambii ni bafu. Kule huingii majini bila kuoga, na kuoga ni bila nguo, mbele ya wenzako, bila pazia. Ukutani kuna picha ya mwili imewekwa alama sehemu za kusugua: kichwa, kwapa, kinena, miguu. Sababu ni kwamba hawapendi kujaza dawa nyingi kwenye maji. Nilisimama pale nimejifunga taulo kama nimefungwa na polisi. Kando yangu nyanya wa miaka kama themanini anajisugua kichwa akiongea na mwenzake, mtoto anakimbia, hakuna anayemwangalia mtu. Nikavua.

Na maji yalipofunguka, ile harufu. Mayai. Salfa. Maji ya moto ya Reykjavik hunuka kama Hell's Gate. Nilikuwa uchi katika nchi ya watu, mbali na kila mtu anayenijua, na pua yangu ilikuwa nyumbani. Nililia pale chini ya bomba, na kwa bahati hakuna anayeweza kutofautisha.

*

Nje kuna bwawa kubwa la kuogelea, lakini wenyeji wengi hawaogelei. Wanakaa kwenye vile vidimbwi vidogo vya duara wanavyoviita vyungu vya moto. Kila chungu kina kibao cha joto lake: digrii 38, 40, 42, kuendelea. Unachagua kiwango chako cha kuiva. Nilianza na cha 38. Hewa ya nje ilikuwa kama digrii kumi na moja, kichwa kinaganda, mwili unayeyuka. Sijawahi kukaa bila kufanya chochote kwa muda mrefu hivyo tangu nizaliwe. Mikono yangu haikujua pa kukaa. Ilikuwa inatafuta kitu cha kukunja.

Nilichokipenda ni kwamba majini hakuna sare. Melini, rangi ya shati lako inasema unaruhusiwa kupita korido gani na kula wapi. Ndani ya chungu ni vichwa tu. Huenda huyu ni mbunge, huenda huyu ni dereva. Wanaongea siasa na hali ya hewa kama wazee wetu kwenye kinyozi.

Mama mmoja wa makamo, mweupe kichwa kizima, aliniuliza kwa Kiingereza natoka wapi. Nikasema Kenya. Akasema amewahi kukutana na Wakenya, wale wa mafunzo ya jotoardhi. Akauliza kama na mimi ni mmoja wao.

Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. Uongo ulikuwa tayari umevaa, umesimama mlangoni, na kule nyumbani ulikuwa unatangazwa kwenye kikao cha chama. Nilifungua mdomo.

“Hapana,” nikasema. “Nafanya kazi kwenye meli. Nafua nguo.”

Ilikuwa mara ya kwanza kusema hayo kwa mtu yeyote nje ya meli. Nilingoja uso wake ubadilike. Ulibadilika kweli, lakini si vile nilivyodhani. Alifurahi.

“Basi umekuja mahali pako,” akasema. “Bonde hili lilikuwa la wafuaji.”

Akanieleza nyuma ya bwawa niende wapi.

*

Niliwahi kutoka majini saa saba, nikakunja taulo la kukodi pembe kwa pembe jinsi tunavyokunja melini, mpaka msichana wa mapokezi akaliangalia mara mbili. Mahali penyewe pako karibu, ndani ya bustani. Usitegemee maajabu. Ni mtaro wa mawe na vyuma vilivyopinda juu yake kama mbavu, na mabango yenye picha za zamani. Pembeni kuna sanamu ya mwanamke mfuaji, kazi ya mchongaji Ásmundur Sveinsson.

Nilisoma kila bango. Kabla ya mabomba, chemchemi za moto za Laugardalur ndizo zilizokuwa sehemu ya kufulia ya Reykjavik. Wanawake, wengi wao vijakazi, walitembea kama kilomita tatu kutoka mjini, nguo, mabeseni na sabuni mgongoni, hata wakati wa theluji, wakafua siku nzima, wakarudi na mzigo uliolowa. Mzigo uliolowa ni mzito kuliko ule uliokuja nao. Mtu ambaye hajafua kwa pesa hawezi kulifikiria hilo. Barabara yao ndiyo leo inaitwa Laugavegur, ile barabara kuu ya maduka ambapo abiria wetu hununua sweta. Jina lake maana yake ni njia ya kwenda kwenye chemchemi.

Na vile vyuma? Wafuaji walikuwa wakiteleza na kuangukia maji yanayochemka. Wengine walikufa kwa kuungua. Vyuma vikawekwa mwanzoni mwa karne ya 20 ili mtu aweze kuinama bila kutumbukia.

Kisha, mwaka 1930, maji ya bonde hili yakaanza kupelekwa mjini kwa mabomba kupasha joto shule na makumi ya nyumba. Leo karibu nyumba tisa kwa kila kumi nchini humo zinapata joto kutoka ardhini. Ile sayansi yote ambayo Wakenya wetu wanaenda kuisomea, wale wahandisi, zile hesabu za shinikizo zilizonitoa jasho mwaka wa pili, zilikuja baadaye mahali ambapo mwanamke alikuwa ameshainama na beseni.

Nilikaa kwenye jiwe. Nilikuwa nimejiambia muda wote huo kwamba nimemwibia Mama elfu sitini ili niepuke maisha yake, halafu nikaishia kwenye maisha yake, tofauti ni kwamba yangu yana mashine. Hiyo ilikuwa aibu yangu hasa. Kuacha chuo ilikuwa ndogo. Nilimficha kazi kwa sababu ilikuwa kazi yake. Kila nilipomwambia “injini” nilikuwa ninamwambia, bila kujua, kwamba kilichonilea ni cha kuonea haya.

Nikawasha data. Nikashikilia kile kitufe cha sauti. Nilianza kwa Kiswahili cha kanisani, nikakifuta. Nikaanza upya.

“Mum, usiende kwa chama. Kama umefika, toka nje usikilize hii. Sisomi. Niliacha chuo. Zile pesa nililipa watu wa meli. Niko melini kweli, na niko Iceland kweli, lakini nafua nguo. Mashuka na mataulo. Kuna mahali hapa nimekaa wanawake walikuwa wanafulia na maji ya kutoka ardhini, ya moto, kama ya Eburru. Pesa za chama nitarudisha. Naomba unisamehe. Naomba usinyamaze.”

Alama mbili za samawati zilitokea kabla sijafika gatini. Alinyamaza.

*

Alinyamaza siku ishirini na tatu. Nilituma pesa mwisho wa mwezi, zikapokelewa, hakusema kitu. Melini niliweka simu mfukoni mwa sare ingawa hairuhusiwi, na kila mashine ya kukausha ilipotetemeka nilidhani ni yeye. Dada yangu mdogo aliniambia Mama alikuwa ameshafika kikaoni na kutangaza. Alisikiliza ujumbe wangu chooni, akarudi, akasimama mbele ya wanawake kumi na sita, akawaambia amekosea, mtoto hasomi. Kisha akakaa chini, akanywa chai yake ikaisha. Hiyo picha ya chai ndiyo inayoniamsha usiku hadi leo.

Siku ya ishirini na nne nikapata sauti yake. Sekunde kama arobaini.

“Hizo pesa nimepeleka kwa chama, na utaleta zingine mpaka ziishe. Sijafurahi. Usinidanganye tena, mimi si mtoto.” Kimya. Nikasikia maji yakimwagwa, alikuwa kazini. “Sisi tulikuwa tunakunywa huo mvuke, wao wakafulia. Haya. Na hao wanawake, walikuwa wanalipwa kwa beseni ama kwa siku?”

Nilicheka nikakaa sakafuni kati ya mifuko ya mashuka machafu. Hilo swali hakuna bango lililokuwa nalo. Hakuna mhandisi angeliuliza.

Nilirudi nyumbani Desemba, mkataba ulipoisha. Deni la chama lilikuwa limekwisha. Sikurudi chuo, siku hizi naandika, ndiyo kazi yangu, na mwezi ukiwa mbaya namsaidia Mama. Watu huniuliza kama nitampeleka Olkaria, tukaelee kwenye yale maji kama wageni. Nimemwambia mara mbili. Anasema atafikiria, anataka kujua kwanza kama mtu anaruhusiwa kuingia na leso.

Jioni ile niliyofika hakuniuliza habari za meli. Alinipa beseni la pili. Tulifua mashuka ya mpangaji wa nyumba ya mbele hadi giza. Yalipokauka kesho yake nilikunja moja kwa ule mtindo wa melini, pembe kwa pembe, likawa bapa kama kitabu. Mama aliliangalia, akalikunjua, akalikunja upya kwa mtindo wake.

“Hivi,” akasema.

Nikachukua lingine.